Baraza la Mbali na Mibuni ya Godfrey

Mimi sijawahi kuliona Baraza. Hakuna mtu wa kilima chetu aliyeliona, tulimwona tu mama mmoja wa kizungu ambaye lilimtuma kwetu mara moja, naye nitamfikia. Lakini siku nikisimama mbele za Mungu nikaulizwa ni nani aliyeniharibia maisha, sitamsingizia shetani. Nitasema ni Baraza, na Mungu atafute mwenyewe linakokaa, maana mimi hata mji wake siwezi kuutamka.

Jina langu ni Anisia. Nalima Bugendana, mkoa wa Gitega, nusu mlima na nusu bonde kama mashamba yote ya huku. Nilikulia kambini Kigoma, ndiyo maana naongea Kiswahili cha Tanzania, na wanawake wa sokoni hunicheka wakisema naongea kama redio. Mume wangu Godfrey naye alikulia kambi hiyo hiyo. Tuliporudishwa Burundi tukakuta shamba la baba yake linalimwa na mtu aitwaye Nazario. Hakuliiba. Baba yake Nazario alipewa ardhi ile na wakubwa wa wakati huo, sisi tukiwa ukimbizini, akalima, akazaa, akazikwa hapo hapo. Wakubwa wengine wakaja na kamba wakaligawa katikati. Kuanzia hapo Nazario na Godfrey wakawa wanasalimiana kwa midomo tu, macho yakiangalia pembeni, na ng'ombe wa mmoja akivuka mpaka ilikuwa kesi.

Nusu yetu ilikuwa mtelemko mkali. Godfrey akasema hapa patafaa kahawa. Akaanza na nusu ya chini, baadaye akaendelea na ya juu, akapandisha miche mgongoni kutoka kitaluni, safu kwa safu, akaitandazia majani ya migomba kama mtu anayemfunika mtoto. Mibuni ile ya chini ndiyo iliyomsomesha binti yetu Happy, anayesoma bweni pale Mushasha, Gitega mjini. Godfrey alikuwa akipita kati yake jioni akiigusa. Nilimtania kwamba ameoa mke wa pili, tena wengi, naye akanijibu kwamba hao angalau hawanuni.

Kisha kikaja cheti. Tulikuwa na ushirika wa kahawa, na mwenyekiti wake alikuwa Leonardi, mtu aliyerudi kutoka ukimbizini kama sisi, mtu mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi. Leonardi alisikia kwamba kahawa isiyotiwa mbolea ya chumvichumvi wala dawa, kahawa ya kilimo hai, inanunuliwa vizuri ng'ambo, mradi iwe na cheti. Tukaacha mbolea ya dukani, tukachimba mashimo ya mboji, tukangoja miaka mitatu kama tulivyoamriwa. Cheti kikaja, kikatundikwa ukutani kwenye kituo cha kuoshea kahawa, ndani ya fremu yenye kioo. Watu walikwenda kukitazama wakiwa wamevaa nguo za kanisani.

Kilitoka kwa kampuni ya ukaguzi yenye ofisi Gitega. Mkaguzi wake alikuwa kijana wa Muyinga, Rachid, mtoto wa fundi cherehani, mpole, mwenye pikipiki iliyokohoa kuliko babu yangu. Msimu mmoja mvua ilimkamata kituoni, tukakaa naye chini ya bati, mimi, Godfrey na Leonardi, tukinywa chai. Godfrey akamuuliza: "Wewe unatukagua sisi. Na wewe nani anakukagua?"

Ndipo tulipolisikia Baraza kwa mara ya kwanza. Rachid alieleza kwamba kampuni yake nayo ina cheti chake, kinaitwa ithibati, na hicho hutolewa na Baraza la huko Ulaya linalokagua wakaguzi wa dunia nzima. Bila ithibati hiyo, cheti chetu hakimtishi hata kuku.

Alikuwa anaijua historia yake yote, kwa maana waliifundishwa kwenye semina. Zamani, alisema, kila kampuni ilitoa vyeti inavyopenda. Unalipa, unapata. Nyama iliyooza ilikuwa na cheti, na ngazi inayovunjika ilikuwa na cheti. Wakaguzi wachache wakaona aibu, wakakutana kwenye chumba cha kupanga juu ya duka la mikate, wakaapa kwamba wao watawakagua wenzao. Hawakuwa na mshahara. Walisafiri kwa treni wakila mikate iliyolala ya yule mwenye duka. Na jambo la kwanza kubwa walilofanya ni kumfuta mwenyekiti wao wenyewe, kwa sababu kampuni yake ilitoa cheti kwa kiwanda ambacho hakuna mtu aliyekwenda kukiona. Yule mzee alilia mbele yao. Wakamfuta. Akasimama akawapa mkono mmoja mmoja, akatoka, na tangu hapo dunia ikaliamini Baraza.

"Alikuwa na watoto?" niliuliza.

"Histoire haiseme ile, Mama Happy," Rachid akajibu.

Baraza likakua, likahama kutoka juu ya mikate likajenga jumba la vioo. Likanenepa. Na kunenepa kukalilegeza, mpaka siku moja ikakamatwa meli nzima ya maharage yenye vyeti safi na ndani yake sumu tupu. Magazeti yakalicheka. Basi wakubwa wake wakaapa upya, wakawa wakali kuliko wale wa mikate. Sasa mkaguzi akionekana anaona huruma, anafutwa yeye na kampuni yake.

"Na Baraza lenyewe, nani analikagua?" Godfrey hakuwa mtu wa kuacha swali njiani.

"Iko ma baraza ingine. Wanatembeleana, wanaangaliana."

"Kama wake wenza," nikasema, na Godfrey alicheka mpaka chai ikammwagikia gotini.

Nililipenda sana Baraza siku ile. Niliona fahari kwamba watu wa namna hiyo, wasioogopa kumfuta mkubwa wao, wanajua kwamba Bugendana kuna kahawa. Mjinga ni mimi.

Godfrey alikufa mwanzo wa mvua. Homa ilimshikia shambani, ikamfuata mpaka Gitega na haikumwachia. Sitaki kuongea sana juu ya hilo. Nilirudi nyumbani na viatu vyake mkononi, na ninavyo mpaka leo.

Kwetu, nyumba yenye msiba haishiki jembe. Mpaka ifike siku ya kuondoa msiba wa kwanza, ile wanayoiita guca ku mazi, aliyefiwa hachimbi hata shimo la muhogo. Lakini mvua haijui msiba. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu huku magugu yakipanda kwenye mibuni, na niliyasikia yakipanda, Mungu ni shahidi.

Siku ya guca ku mazi Nazario alikuja na dumu la pombe ya ndizi. Hakuwahi kuingia kwetu. Alikaa karibu na mlango, akanywa kidogo, na watu walipoanza kuondoka akaniita nje. Akanipeleka mpaka shambani.

Shamba lote lilikuwa limelimwa. Yeye na ndugu zake walikuwa wameingia tangu alfajiri nikiwa bado nimefunikwa kanga. Matandazo yalikuwa yamerudishwa vizuri mahali pake, na kuzunguka kila shina kulikuwa na duara la punje nyeupe. Nilizijua zile punje. Ilikuwa mbolea ya chumvichumvi, ile ya ruzuku ambayo watu huingoja mpaka wakate tamaa, na Nazario alikuwa ameingoja kwa ajili ya mahindi yake. Aliyanyima mahindi yake akailisha kahawa ya marehemu.

"Shamba yako imekula, mama," akaniambia. "Na yo itakupa kukula. Mi na Godfrey hatukuongea muzuri. Sasa basi."

Niambieni nyinyi mnaojua kanuni: ningefanya nini? Zawadi ya msibani hairudishwi. Ukiirudisha umemwambia mtu achukue na kifo akipeleke kwake. Na huyu alikuwa Nazario, ambaye tangu ile kamba hakunitazama usoni hata mara moja. Nilimshika mikono yote miwili nikalia. Nililia kwa ajili ya Godfrey kwamba hakuiona siku hiyo, na nililia kwa sababu ya punje, nikijua zimeingia na haziokoteki.

Yeye hakuwa mwanachama wa ushirika. Hakuwahi kusikia kilimo hai ni nini. Kwake kahawa isiyotiwa mbolea ni kahawa ya mtu maskini, na alikuwa hataki niwe maskini.

Nilikwenda kwa Leonardi kesho yake nikamwambia ukweli wote. Akajikuna kichwa.

"Shemeji, ungenyamaza na mimi nisingesikia."

"Basi umesikia."

"Nimesikia." Akashusha pumzi. "Haina neno. Kanuni inasema shamba lililoguswa linakaa nje miaka mitatu, linaanza upya. Kahawa yako utawauzia wachuuzi, sisi tutaendelea, kisha utarudi. Tutamweleza Rachid."

Na ingekuwa hivyo, kama Rachid angekuja peke yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule mgeni alikuja, sisi wenyeji tukaugua.

Alikuwa mama mrefu, mwenye kofia na buti safi, aliyetumwa na Baraza. Hakuja kutukagua sisi. Alikuja kumtazama Rachid anavyotukagua, maana Baraza lilikuwa na mashaka na kampuni yao. Rachid alitembea mbele yake kama mtoto anayesomeshwa Kurani mbele ya shehe, jasho likimtoka ingawa kulikuwa na baridi. Yule mama hakuwa mbaya, na hilo ndilo linalonikera. Alipoambiwa habari ya mbolea na kwamba nimefiwa, alinishika bega akaniambia pole kwa Kirundi alichojifunza njiani, na macho yake yalimaanisha. Kisha akauliza kitu kwa Kifaransa, Rachid akanigeukia.

"Mama Happy, maji ya mvua iko inashuka wapi?"

"Yanashuka chini, Rachid. Ulitaka yapande?"

Wote walicheka, hata wenye mashamba ya chini yangu. Rachid hakucheka. Alitazama mibuni ya Godfrey ya nusu ya chini, akatazama mashamba ya wenzangu yaliyopakana nayo, akamtazama yule mama, na nikaona kabisa jinsi hofu ilivyomwingia.

Alisema hapo hapo, mbele yake, kwa Kifaransa na kisha kwa Kiswahili. Mbolea inashuka na maji. Lazima kuwe na nafasi tupu kati ya shamba langu na mashamba ya wengine. Nusu ya chini ing'olewe yote, paoteshwe nyasi. Mpaka hapo mimi nimetoka kwenye ushirika, na nisipotekeleza, kilima kizima kitanyang'anywa cheti. Yule mama akatikisa kichwa kukubali na wakaondoka kwenda Gishubi, kutazama kahawa ya watu wengine.

Mkutano ulifanyika kituoni, chini ya fremu. Wanawake waliokaa na mimi mkekani walitazama vidole vya miguu yao. Sikuwalaumu, nao wana watoto. Niliwalaumu baadaye, usiniulize lini.

"Shemeji, ni kilima kizima," Leonardi alisema. Sauti yake kubwa ilikuwa imepotea.

"Ile ndiyo mibuni aliyoipanda kwanza, Leonardi. Ulimwona akiipanda."

"Nilimwona. Nilimsaidia kubeba."

Nikawaambia nina neno moja. Mlimani kwetu kila mtu anajua kuchimba mitaro ya kuzuia maji yasibebe udongo. Nichimbe mtaro mpakani, mrefu na wenye kina, maji yote yaende bondeni, na mibuni ibaki. Nitakwenda kumwomba Rachid akubali. Leonardi akaruka kwenye neno hilo kama mtu aliyeona kamba kisimani. "Nenda, shemeji. Hakuna mwanachama atakayegusa mbuni hata mmoja mpaka urudi." Na aliitimiza ahadi yake, hilo nalisema wazi. Hakuna mwanachama aliyegusa.

Nilitembea mpaka barabarani, nikapata lori la maharage mpaka Gitega. Nilipita Mushasha kumwona Happy, akaniuliza kama mibuni ya baba imechanua, nikasema inachanua. Ofisi ya kampuni ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mlinzi akaniambia Rachid amerudi kwao. Nikadhani ni likizo. Nikaungaunga safari kwa magari yanayotafuta mafuta kuliko yanavyotafuta abiria, nikapitia Karusi, nikafika Muyinga vumbi limenifika kwenye meno.

Duka la Chabani, babake Rachid, halikunipa shida kulipata. Muulize Mwislamu yeyote wa Muyinga fundi anayeshona kanzu zisizobana kwapa, atakuonyesha. Mzee Chabani alikuwa amekwenda msikitini. Rachid alikuwa kwenye cherehani akishona vifungo vya sare za shule. Aliponiona akasimama na uzi mdomoni.

Mama yake, Hidaya, alitoka nyuma akifuta mikono.

"Yoo, mama, karibu, ingia, ikaa hapa. Pole sana ya bwana. Rachid alitueleza. We iko unatoka Gitega na hii shida ya essence ya ma gari? Mungu wangu! Ngoja mi nikupe chai."

Sikungoja chai. Nilimweleza Rachid habari ya mtaro, upana wake, kina chake, maji yatakakokwenda. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuketi.

"Mtaro ingetosha," akasema.

"Nini?"

"Ingetosha, Mama Happy. Règlement, ile kanuni, inakubali mtaro. Inaandikwa. Mi nilijua hata siku ile." Akaangalia chini. "Ule mama alikuwa ananiangalia. Nikafikiri, nikiseme kitu ndogo ataona niko nahurumia, watatukata. Donc nikasema kitu kubwa."

Nilitaka kumpiga na kile chuma cha kupigia pasi. Nasema kweli, mkono wangu ulikitazama. Lakini furaha ilinijia kwanza, furaha kubwa ya kipumbavu: mibuni itabaki. "Basi sema sasa. Mpigie Leonardi umwambie mtaro unatosha."

"Mama Happy, haina maana tena." Alikaa chini, polepole. "Baraza ilitukata. Kampuni yote. Hapana sababu ya Bugendana. Iko inchi ingine, ma collègues walisaini ma cheti bila kufika shambani. Accréditation, ile ithibati, imekwisha. Cheti yenu ni kartasi tu."

Hidaya aliingia na chai na mandazi, akaona nyuso zetu, akaviweka chini kwa uangalifu.

Rachid alinionyesha simu yake. Baraza lina ukurasa wake, na mwanzoni mwake wameweka historia yao. Nilikiona kile chumba juu ya duka la mikate, kweli kipo, na picha ya wale watu wenye masharubu. Nilimwona na yule mzee aliyefutwa. Rachid alinitafsiria mpaka chini kabisa, ambako waliandika mambo ya mwaka huu: wameifuta kampuni iliyokuwa ikitoa huduma zake katika nchi kadhaa za Afrika, na hivyo wameilinda imani ya walaji. Hizo nchi kadhaa ndizo sisi. Humo ndani ndimo alimo Leonardi na fremu yake, wanawake wa mkekani, miaka mitatu ya mashimo ya mboji, na Rachid mwenyewe na vifungo vyake. Hawakututaja hata kwa kosa.

"Wao wako na haki," Rachid akasema kwa sauti ndogo. "Wale wenzangu walidanganya."

"Najua wana haki," nikasema. "Ndiyo maana sina pa kwenda kushtaki."

Nililia pale dukani mbele ya mteja aliyeleta suruali. Hidaya alinikumbatia akilaani kwa Kiswahili na Kirundi vyote pamoja. Na nilipomaliza kulia, jambo moja lilibaki limesimama. Kama cheti hakipo, hakuna haja ya nafasi tupu. Hakuna haja ya nyasi. Hakuna mtu tena duniani mwenye sababu ya kuing'oa mibuni ya Godfrey. Kilima kimepoteza, nami nimepoteza pamoja nao, tutauza kwa wachuuzi kama zamani, lakini mibuni itakuwepo. Niliikamata hiyo kwa mikono miwili. Ng'ombe wa maskini hazai, sawa, lakini angalau huyu wangu hakuchinjwa.

Rachid alimpigia Leonardi. Simu haikupatikana, kwa kuwa Leonardi huiacha sokoni kwa mtu anayechajia watu simu, na umeme ulikuwa umekatika. Sikujali. Leonardi alikuwa ameahidi. Hidaya hakukubali niondoke jioni, akanilaza kwake, na asubuhi akanifungia majani ya chai na sukari kwenye kitambaa. Sukari yenyewe siku hizi ukiipata unaificha, yeye akanipa.

Nilifika nyumbani mchana, jua likiwa kali. Nilipopanda kutoka barabarani niliangalia mahali ambapo kilima chetu huwa na rangi ya kijani nzito, ile ya kahawa, na macho yakapita. Nikayarudisha. Palikuwa na udongo mwekundu mtupu, kuanzia katikati mpaka chini.

Niliacha kutembea. Nilikumbuka ahadi ya Leonardi nikamlaani, kumbe nilikuwa namsingizia.

Nazario alikuwa ameketi kando ya shamba na ndugu zake wawili, matope mpaka magotini, majembe yamelala. Mashina yote yalikuwa yamepangwa vizuri kwenye rundo, mizizi upande mmoja, matawi upande mwingine. Ule ufundi wake wa kupanga ndio uliouumiza moyo wangu zaidi. Aliponiona alisimama akavua kofia.

"Mama, usikasirike nimeingia bila kukuuliza," akasema. "Nilisikia ni mbolea yangu ilikutoa kwa ushirika. Sikujua, mama. Kweli ya Mungu sikujua. Wakasema hii ya chini ikitoka, watakurudisha. Na haifai mujane ang'oe miti ya bwana wake. Inaleta bahati mubaya. Nikasema mi niing'oe mbele ya we kufika, usione."

Ndugu zake walikuwa wananitazama. Mmoja wao alikuwa ameumia kiganja, amekifunga na jani la mgomba.

Wema hauozi, tulifundishwa hivyo tangu Kigoma. Na wa Nazario haukuoza, ulirudi mzima mara mbili kwenye shamba lile lile. Nilitaka kupiga yowe ambalo lingefika kwenye lile jumba la vioo. Nilitaka kumwambia: Nazario, cheti hakipo, Baraza limekifuta, umeng'oa bure, mtaro ungetosha, hata mtaro haukuhitajika. Maneno yote yalikuwa mdomoni, yamepangwa kama yale mashina. Nikamtazama usoni. Ilikuwa mara ya pili tangu ile kamba kwamba ananitazama machoni, na alikuwa anangoja.

Godfrey ameondoka, mibuni yake ya chini imeondoka, ushirika umekufa na bado haujajua. Kitu pekee kilichobaki kwenye udongo ule mtupu ni kwamba jirani yangu ananitazama machoni.

"Asante, jirani," nikasema. "Mmefanya kazi kubwa. Ingieni."

Kwetu aliyekulimia haondoki na koo kavu. Pombe sikuwa nayo, nikafungua kitambaa cha Hidaya. Nazario alikuwa ameshaleta mzigo wa kuni mlangoni pa jikoni, matawi ya kahawa, ameyakata urefu mmoja. Kuni nyingine ndani hazikuwepo. Nikaziwasha. Zilikuwa mbichi, zikawa zinalia na kutoa povu, moshi ukajaa nyumba nzima, na maji yakachukua muda mrefu sana kuchemka.

"Mama," Nazario akaniita kutoka nje, "sasa ile cheti, watakurudishia?"

Nilikuwa nimeinama juu ya moto wa mibuni ya mume wangu, nikiupuliza.

"Watanirudishia," nikasema, nikamtilia sukari nyingi.